Nambari Isiyotajwa Haina Mnunuzi: Mwongozo wa Vikoa vya Tarakimu Kitale na Bungoma

Mkulima wa Trans Nzoia anapoingia dukani mwezi wa Machi kununua mbegu, haombi kwa maelezo marefu. Hutaja 614 au 6213, na muuzaji hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye pakiti ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa 1956 na yenye makao yake Kitale. Kwenye sehemu za chini za Bungoma zenye joto zaidi, zitatajwa 513 au 520. Mbolea nayo huitwa kwa tarakimu: 17:17:17, 23:23:0. Jioni mtu huyo huyo hununua umeme kwa kulipia nambari ya Paybill ya M-Pesa, 888880, huweka pesa benki ya Equity kupitia 247247 au KCB kupitia 522522, na tangu 2023 ada za serikali ameelekezwa azilipe kwa 222222. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa huku wamezoea kuishi na nambari amesema kweli. Kosa linaanza anapoongeza kwamba, kwa sababu hiyo, kikoa, yaani anuani ya tovuti, kilichoundwa kwa tarakimu tupu ni bidhaa ya kununuliwa kwa shilingi elfu moja leo na kuuzwa kwa laki kesho. Vijana wengi wenye akiba ndogo wanavutwa na hesabu hiyo, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Kikoa cha tarakimu hupata bei Kitale au Bungoma kikitimiza masharti mawili kwa pamoja: nambari yake iwe tayari inatumiwa na watu wa hapa, na isiwe mali ya mwingine. Nambari nyingi mno hukwama kwenye moja ya masharti hayo, na hilo ndilo unalopaswa kulipima kabla ya kutoa pesa.

Kwanza ujue unachonunua. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, lakini mwananchi huyanunua kwa wasajili walioidhinishwa, ambao wengi huuza .co.ke kwa karibu shilingi elfu moja kwa mwaka, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Tangu 2017 unaweza pia kusajili jina moja kwa moja chini ya .ke bila .co katikati. Hununui jina likawa lako hadi kufa. Unakodi haki ya kulitumia, na mwaka ukiisha bila malipo, jina hurudi sokoni na mwingine huweza kulichukua. Ardhi ya eka moja huko Kiminini inaweza kukaa miaka kumi bila kukudai kitu kikubwa, lakini kikoa kinakudai kila mwaka, kiwe na mnunuzi au kisiwe naye. Tofauti hiyo ndiyo inayowaumiza wanaodhani wanawekeza kama wanaonunua shamba.

Hoja ya kwanza utakayoisikia kutoka kwa wapenzi wa biashara hii ni uhaba. Watakwambia kwamba majina ya tarakimu tatu ni 1,000 tu duniani kote chini ya kila kiambishi kama .com au .ke, ya tarakimu nne ni 10,000, na hayataongezeka. Hesabu hiyo ni sahihi. Iendeleze sasa. Majina ya tarakimu tano ni 100,000, na ya tarakimu sita ni milioni moja. Linganisha na ukubwa wa soko lenyewe: vikoa vyote vya .ke vilivyosajiliwa, vya maneno na vya tarakimu, vya kampuni, shule na serikali, ni yapata laki moja na ushee, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Maana yake ni kwamba majina ya tarakimu tano peke yake chini ya .co.ke yanakaribia kulingana na vikoa vyote vilivyosajiliwa chini ya .ke. Uhaba wa namna hiyo haupandishi bei ya kitu chochote. Hata hayo elfu moja ya tarakimu tatu ni mengi ukiuliza ni biashara ngapi za Bungoma zinazotafuta kuitwa 738. Kitu kinaweza kuwa kimoja tu duniani na bado kikakosa wa kukitaka.

Hoja ya pili ni China, na hii inastahili kujibiwa kwa makini kwa sababu ushahidi wake ni wa kweli. Mwaka 2015 kampuni ya Qihoo 360 iliripotiwa kununua 360.com kutoka kwa Vodafone kwa dola milioni 17. NetEase hutumia 163.com, nambari iliyotokana na simu waliyokuwa Wachina wakipiga ili kuingia kwenye intaneti zama za kwanza. Tikiti za treni za nchi nzima huuzwa kwenye 12306.cn, na 12306 ni nambari ya simu ya huduma hiyo hiyo. Mwisho wa 2015 bei za vikoa vya tarakimu zilipanda mno kwa pesa za walanguzi wa huko, kisha 2016 zikashuka. Lakini angalia kilichozipa nguvu nambari hizo. Msomaji wa Kichina huandika kwa alama ambazo haziingii kwenye anuani kwa urahisi. Herufi za Kilatini kwake ni ngeni, na zikitumika huleta utata wa matamshi. Tarakimu zilikuwa njia fupi kuliko herufi. Juu ya hayo, tarakimu za Kichina hutamkwa kwa silabi moja moja zinazofanana na maneno: nane hukaribia utajiri, nne hukaribia kifo, na nambari nzima huweza kusomeka kama sentensi. Kiswahili hakina shida ile wala hakina mchezo ule. Tunaandika kwa herufi za Kilatini, na tunaandika jinsi tunavyotamka, kiasi kwamba mtu akisikia "mboleabora" redioni anaweza kuliandika bila kukosea. Sababu iliyowasukuma Wachina kwenye tarakimu huku haipo, na bei iliyozaliwa na sababu hiyo haiwezi kuhamia Kanduyi kwa sababu tu tarakimu zinafanana.

Kuna jambo jingine la kiuchumi ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na halitajwi na wanaouza vikoa. Mnunuzi hatakulipa kwa uzuri wa jina lako. Atakulipa tofauti iliyopo kati ya jina lako na jina jingine zuri analoweza kulipata bila wewe. Kwenye .com, ambako majina zaidi ya milioni 150 yameshachukuliwa, jina jingine zuri mara nyingi nalo liko mikononi mwa mtu, kwa hiyo tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa. Kwenye .ke, uwanja bado ni mpana. Mwenye duka la pembejeo karibu na stendi ya Kitale anaweza kuunganisha aina ya bidhaa yake na jina la mji, au jina lake la biashara na mji, akapata anuani inayoeleweka mara moja kwa shilingi elfu moja. Ukimwendea na 48213.co.ke ukitaka elfu hamsini, unamwomba alipe mara hamsini kwa anuani isiyomweleza mteja chochote. Kwa bei ya shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90 ambayo serikali iliitangaza mwisho wa 2023, elfu hamsini ni magunia kumi na mawili na nusu ya mahindi. Mfanyabiashara wa huku hupima hivyo, na ana haki ya kupima hivyo.

Mtetezi wa tarakimu sasa atarudi kwenye Paybill na kuuliza: kama Mkenya anakumbuka 247247 na 888880, mbona asikumbuke anuani ya tarakimu? Anakumbuka, ndiyo, lakini kwa sababu mbili tu: ameitumia mara nyingi kulipa, na kampuni kubwa imeipigia debe kwa miaka. Kumbukumbu hiyo ilijengwa kwa pesa za mwingine. Hapo ndipo mtego ulipo kwa mlanguzi mdogo, kwa sababu nambari anayoiona ina thamani ni ile ambayo tayari ni ya mtu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 28, inamwadhibu anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara au kikoa kinachomilikiwa au kutumiwa na mwingine bila idhini au haki. Faini yake ni hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. KeNIC nayo ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina, na jina linaweza kuondolewa kwako bila fidia. Kwa hiyo usisajili nambari ya Paybill ya benki, ya shirika la umeme wala ya serikali kwa nia ya kuwauzia. Hata usiposhtakiwa, anuani kama hiyo inafanana na mtego wa matapeli, na watu waliokwisha kuonywa mara nyingi kuhusu viungo vya ajabu kwenye ujumbe wa simu wataiogopa. Nambari za mbegu pia ziweke kando. 614 ni maarufu kote Trans Nzoia, lakini umaarufu wake umetokana na kazi ya watafiti na kampuni ya mbegu, na jina la bidhaa ya mtu si la kuchezewa. Kabla ya kusajili nambari yoyote inayotajwa sokoni, uliza kwanza katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, kama imesajiliwa kuwa alama ya biashara.

Wako pia wanaosema tarakimu zina faida katika eneo lenye lugha nyingi: Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana na mgeni kutoka Mbale wote husoma 3 kuwa 3. Hoja hii ni nzuri na nisingependa kuipuuza. Ubaya wake ni kwamba inahusu macho tu, na matangazo mengi ya huku huingia kwa masikio, kupitia redio, vipaza sauti vya siku ya soko pale Chwele, na mazungumzo ya simu. Chukua 30200. Mmoja ataitamka elfu thelathini na mia mbili, mwingine tatu sufuri mbili sufuri sufuri, wa tatu atachanganya na Kiingereza na kuziita sufuri "o", na msikilizaji atabaki akijiuliza kama aandike herufi au tarakimu. Jipime hivi kabla hujanunua: mpigie simu mtu asiyejua unachofanya, mtajie anuani mara moja kwa kasi ya kawaida, kisha mwombe akutumie alichoandika. Rudia na watu wengine wa rika tofauti. Jina linaloharibika njiani mara kwa mara halifai, hata likiwa fupi vipi.

Zinabaki nambari zipi, basi? Zinabaki chache zinazojulikana na wote na zisizo za mtu. Kundi la kwanza ni viwango vya mbolea. 17:17:17 ni uwiano wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, na 23:23:0 vilevile. Ni maelezo ya yaliyomo ndani ya gunia, kampuni yoyote huweza kuyachapisha. Kwa kuwa nukta mbili haziruhusiwi kwenye jina la kikoa, zingeandikwa 171717 na 23230. Haya kwangu ndiyo majina ya tarakimu yenye mantiki zaidi kwa Kitale, kwa kuwa anayeyatafuta anajua anachotaka kununua. Lakini usijidanganye kuhusu ukubwa wa faida iliyo nyuma yake. Mbolea ya ruzuku ya serikali kwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 imebana sana faida ya maduka ya kawaida, na duka lenye faida nyembamba halina pesa nyingi za kununulia jina. Kundi la pili ni nambari za mahali: misimbo ya posta, 30200 kwa Kitale na 50200 kwa Bungoma, misimbo ya simu za mezani, 054 na 055, na nambari za kaunti, 26 kwa Trans Nzoia na 39 kwa Bungoma. Msimbo wa posta umeandikwa kwenye barua za kila shule na kila ofisi, kwa hiyo unatambulika na walio kazini, ila mkulima wa Cherangany au Kapsokwony hautaji mwaka mzima. Misimbo ya simu za mezani inasahaulika kadiri simu zenyewe zinavyotoweka. Nambari ya kaunti ilipata uhai baada ya ugatuzi wa 2013, na kijana wa Kimilili anaweza kuipenda 39 kwenye fulana, lakini ikisimama peke yake ni fupi mno na inaweza kumaanisha kitu chochote. Mara nyingi nambari ya mahali hupata nguvu ikiunganishwa na neno, kama soko au habari pamoja na 50200. Ukiwa na uchaguzi, chukua mchanganyiko huo na uache tarakimu tupu.

Sasa tupige hesabu ya kuhifadhi, kwa kuwa hapo ndipo mitaji midogo huishia. Wafanyabiashara wa vikoa wenye uzoefu kwenye .com, soko kubwa kuliko yote duniani, huona kuuza jina moja au mawili kwa kila mia kwa mwaka kuwa jambo la kawaida. Tuseme umekuwa na bahati yao, jambo gumu katika soko dogo. Una majina mia, unalipa laki moja kila mwaka, unauza mawili. Kila moja lazima liingize elfu hamsini ili tu usipate hasara, na hapo hujahesabu muda wako wala nauli ya kuwafuata wateja. Ukiuza moja, ni laki. Kwa hiyo ushauri wangu ni wazi: usiwe na vikoa vya tarakimu zaidi ya viwili au vitatu, na kila kimoja kiwe na wanunuzi ambao unaweza kuwataja kwa majina na maduka yao. Jiwekee tangu mwanzo mwaka wa kuacha. Kikoa kisichopata hata mtu mmoja wa kukiulizia kwa miaka miwili usikilipie mwaka wa tatu, hata kama moyo unakuambia bei iko karibu kuja.

Na usikiache kikiwa kitupu. Jina tupu huku lina bei ya kuokotwa. Kwa makadirio yangu, kikoa cha tarakimu chenye maana lakini kisicho na kitu ndani yake kinaweza kudai malipo ya miaka mitano hadi kumi ya usajili, yaani elfu tano hadi elfu kumi, na muuzaji anayetaka zaidi anapaswa kuonyesha sababu. Sababu nzuri kuliko zote ni wateja. Weka ukurasa mmoja mwepesi unaofunguka haraka kwenye simu ya bei nafuu: bei za mbolea za wiki katika maduka ya Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma mjini, matumizi ya kila aina kwa eka, na kitufe cha WhatsApp cha kuagiza. Watu wengi huku hawaandiki anuani. Huingia kupitia Google, Facebook au kiungo walichotumiwa kwenye kundi la chama. Kwa hiyo sambaza kiungo huko, na uhesabu maagizo yanayoingia kutoka Februari hadi Mei, msimu wa kupanda na kuweka mbolea ya kukuzia. Ukimwendea mwenye duka ukiwa na daftari la maagizo hayo, mazungumzo yanabadilika kabisa, kwa sababu sasa anaweza kukokotoa mwenyewe. Kama ukurasa wako ulimletea mifuko sitini na faida yake ni shilingi mia kwa mfuko, umemwingizia elfu sita kwa msimu, na bei ya haki ya jina inaanzia hapo. Wengi watakubali kukodi kwa msimu kabla ya kununua. Kubali. Kodi ya elfu mbili kila msimu kutoka kwa mtu anayelipa ni bora kuliko bei ya laki iliyoandikwa kwenye tangazo lisilojibiwa.

Siku ya kuuza au kununua, mambo machache yasikupite. Thibitisha kwenye rejista nani ameandikwa kuwa mwenye jina, kwa maana mara nyingi fundi wa tovuti hujisajili yeye mwenyewe badala ya mteja, kisha mteja akauza kitu ambacho kisheria si chake. Angalia tarehe ya kuisha. Jina linaloisha wiki ijayo linabeba deni. Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja jina, bei, tarehe na kwamba muuzaji hana mgogoro wowote juu yake, na kwa kiasi kikubwa mwoneni wakili. M-Pesa inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, kwa hiyo zaidi ya hapo tumieni benki. Muuzaji asitoe nambari ya siri ya kuhamishia jina kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu, kwani ujumbe hughushiwa. Aangalie mwenyewe kwenye salio lake kama malipo ya awali yameingia. Mnunuzi naye asimalize malipo kabla jina halijaonekana kwenye akaunti yake kwa msajili.

Mtu anaweza bado kuuliza kama subira haitalipa: .ke inakua, Chuo Kikuu cha Kibabii na Politekniki ya Kitale vinatoa vijana wanaojua mtandao kila mwaka, na siku moja majina mazuri yataisha. Inawezekana. Yakianza kuisha, ya maneno yatatangulia, na wanaoyakosa watahamia kwanza kwenye maneno marefu kidogo na viambishi vingine, kabla ya kukimbilia tarakimu. Foleni iliyo mbele ya jina lako la tarakimu ni ndefu, nawe utakuwa ukilipa kila mwaka ukiingojea. Ikiwa una elfu ishirini leo, sajili kikoa kimoja cha neno la Kiswahili linalotaja bidhaa na mji, kimoja cha tarakimu kama 171717 iwapo kiko wazi na KIPI haina pingamizi, na pesa iliyobaki uitumie kuvijaza kazi kabla ya mvua za Machi.